Historia ya Yoke Peter, Ndege Iliyopitia Entebbe

Tarehe 3 Mei 1952 ilitua Entebbe ndege isiyo na pangaboi hata moja. Ilikuwa imeondoka London siku iliyotangulia ikiwa na abiria 36, ikapitia Roma, Beirut na Khartoum, na baada ya Entebbe ikashika njia ya Livingstone hadi Johannesburg. Safari nzima haikutimia saa 24. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti kubeba abiria waliolipa nauli, na njia yake ilipita katikati ya Afrika. Ndege yenyewe ilikuwa Comet ya shirika la Kiingereza la BOAC, namba G-ALYP. Marubani waliiita Yoke Peter, kwa herufi zake mbili za mwisho.

Miezi mitatu kabla ya hapo, Elizabeth aliondoka kwenye uwanja huohuo wa Entebbe akiwa amekuwa malkia wa Uingereza, baada ya habari za kifo cha baba yake kumfikia Kenya. Yeye alipanda Argonaut, ndege ya injini nne za pangaboi. Basi kati ya Februari na Mei ya mwaka ule watu wa Entebbe waliona zama mbili za usafiri wa anga zikipishana mbele ya macho yao.

Comet ilizaliwa Hatfield, kaskazini mwa London, kwenye karakana za Geoffrey de Havilland. Mzee huyu alikuwa mjenzi wa ndege tangu enzi za mbao na turubai, na wakati wa Vita Kuu ya Pili kampuni yake iliunda Mosquito, ndege ya kivita ya mbao iliyokwenda kasi kuliko nyingi za chuma. Gharama aliyoilipa ilikuwa kubwa. Mwanawe John alikufa mwaka 1943, Mosquito mbili zilipogongana angani. Mwanawe mkubwa, aliyeitwa Geoffrey kama baba yake, alikufa Septemba 1946 akiijaribu ndege ya jeti isiyo na mkia, iliyovunjika juu ya mlango wa mto Thames. Mzee hakuacha kazi.

Injini ya jeti nayo ilikuwa imekwisha kupata wazazi wawili wasiojuana: Frank Whittle wa Uingereza, aliyesajili wazo lake mwaka 1930, na Hans von Ohain wa Ujerumani, ambaye injini yake ndiyo iliyotangulia kurusha ndege, Agosti 1939. Zote mbili zilivutwa jeshini. Kuichukua injini ile na kuifanya ibebe mama na mtoto wake hadi bara jingine lilikuwa jambo ambalo Waamerika, kwa nguvu zao zote za viwanda, walikuwa bado wanalisitia. Ronald Bishop, mchoraji mkuu wa Hatfield, alichora ndege ya injini nne zilizofichwa ndani ya mabawa. Rubani John Cunningham aliirusha kwa mara ya kwanza tarehe 27 Julai 1949, kwa dakika 31. Siku hiyo ilikuwa ya kuzaliwa kwake, na pia ya kuzaliwa kwa mzee de Havilland.

Injini ya jeti hula mafuta kupita kiasi ikiwa chini, kwa hiyo Comet ilipaswa kupanda hadi kiasi cha mita 12,000. Huko juu binadamu hawezi kupumua. Ikabidi hewa isindikwe ndani ya bodi, na hewa hiyo husukuma kuta kwa uzito unaozidi tani 5 kwa kila mita ya mraba. Kuta zenyewe zilikuwa za bati la aluminiamu lisilotimia milimita 1, ili ndege iwe nyepesi. Ndege ikipaa, bodi hutanuka, ikitua, husinyaa. Kila mtoto aliyewahi kuunda gari la waya anajua jinsi ya kukata waya asipokuwa na koleo: huukunja huku na huku mpaka ukatike. Bodi ya Comet ilikuwa inakunjwa hivyo kila safari, kidogo kidogo, bila jicho kuona.

Tarehe 10 Januari 1954 Yoke Peter iliondoka Roma kuelekea London. Dakika kama 20 baadaye, Gibson, nahodha wake, alikuwa akizungumza kwa redio na rubani wa Argonaut iliyokuwa jirani, na sauti yake ikakatika katikati ya sentensi. Wavuvi wa kisiwa cha Elba waliona mabaki yakianguka baharini, wakaenda kuokota miili. Watu wote 35 walikufa. Comet zikazuiwa, zikafanyiwa marekebisho mengi ya kubahatisha, na Machi 23 zikaruhusiwa kuruka tena ilhali sababu haijajulikana. Hilo lilikuwa kosa zito, na malipo yake yalikuja baada ya siku 16: Comet nyingine ilivunjika angani karibu na Naples ikiwa na watu 21.

Sasa kazi ya kutafuta sababu ikakabidhiwa Arnold Hall, mkuu wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, na wanasayansi wake. Manowari za Kiingereza zilisaka chini ya bahari ya Elba kwa kamera za televisheni, zikavua ndege kipande kwa kipande. Huku nchi kavu, Hall aliagiza tangi kubwa lijengwe kuizunguka Comet nzima, mabawa yakichomoza nje, kisha maji yakajazwa ndani ya bodi na kusukumwa kwa mashine, yakipanda na kushuka kama hewa ya safarini. Maji yalichaguliwa kwa sababu hayasindikiki, hivyo bodi ikipasuka hailipuki, na ufa unabaki palepale usomwe. Mchana na usiku ndege ile ilisafiri bila kuondoka. Mwishoni mwa Juni ilipasuka, kwa hesabu ya safari 3,057, za kweli na za tangini pamoja. Yoke Peter ilikuwa imefikisha 1,290 tu.

Hatfield walikuwa na hoja: kipande chao cha bodi cha majaribio kilistahimili kusukumwa zaidi ya mara 15,000. Hall akaonyesha kwamba kipande hicho kilikuwa kimesukumwa mno katika jaribio la awali, na msukumo ule ukawa umekaza bati kwenye pembe za matundu. Jaribio la kuthibitisha nguvu ndilo lililoficha udhaifu.

Watu wengi husimulia kwamba Comet ilikufa kwa madirisha ya mraba. Masimulizi hayo yamefupishwa mno. Madirisha yake yalikuwa na pembe zilizopindwa, ila hazikupindwa vya kutosha, na ufa wa Yoke Peter ulianzia paani, kwenye tundu la antena, karibu na shimo la ribiti. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa bati ni kwenye pembe.

Matokeo yalisomwa hadharani mbele ya baraza la uchunguzi Oktoba 1954, kila mshindani akisikia. Boeing na Douglas walijifunza bure kwa vifo vya wengine, na Uingereza ikapoteza biashara. Mimi nahesabu uwazi ule kuwa mchango wa Comet uliozidi hata kasi yake.

Comet 4, yenye bodi nene zaidi na madirisha yasiyo na pembe, ilivuka Atlantiki na abiria Oktoba 1958, wiki tatu hivi kabla ya Boeing 707. Shirika la East African Airways, la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lilipokea za kwanza mwaka 1960, na hizo ndizo zilizokuwa jeti zake za kwanza kwenda London, kabla ya Super VC10 kuzipokea kazi.

Kile kipande cha paa la Yoke Peter, chenye matundu ya antena, kimehifadhiwa katika Science Museum, London.