UZI: Weita aishi kwa bakshishi? Mombasa ilishalijibu nusu ya swali hili

1/ Mjadala wa mishahara ukifika kwa wahudumu wa hoteli, hukosi kusikia: "Si hao wanapewa tipu?" Mwingine anajibu: "Tipu si mshahara!" Leo tuweke kelele kando tuangalie historia ya kisiwa chetu. Twende pole pole.

2/ Tuanze na maneno. Mshahara ni neno la Kiarabu lenye asili ya "mwezi": pesa inayokuja mwezi ukiisha, upende usipende. Bakshishi ni Kiajemi, maana yake zawadi. Zawadi haidaiwi. Ukidai zawadi utaambiwa huna adabu.

3/ Katikati kuna kibarua, yaani barua ndogo, kile cheti cha mfanyakazi wa kutwa. Karne ya 19 watumwa wa mijini hapa pwani walikodishwa kama vibarua, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Utumwa ukafutwa kisheria 1907, lakini kazi ya kutwa ikabaki, hasa Kilindini. Meli ikija unakula. Isipokuja, shauri yako.

4/ Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ikagoma. Watu wapatao 15,000 waliweka kazi chini kwa karibu wiki mbili: wa bandari, wa reli, hata watumishi wa majumbani na mahotelini. Walikutana Kiwanja cha Maskini, huko Majengo. Kilio kilikuwa kimoja: bei za mjini zinapanda, ujira umelala.

5/ Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa uhamishoni Baringo. Lakini mishahara iliongezwa, na miaka ya 1950 wafanyakazi wa bandari wakaanza kusajiliwa ili wasiishi kwa kubahatisha. Hapo ndipo Mombasa ilipojibu nusu ya swali: hasara ya siku isiyo na meli haifai kubebwa na hamali peke yake.

6/ Je, weita? Agizo la serikali la kima cha chini cha mshahara linamtaja kwa jina, yeye na mpishi, na Mombasa iko daraja moja na Nairobi. Mwaka 2022 kibarua wa kawaida hapa aliwekewa Sh15,201.65 kwa mwezi, weita juu yake kidogo. Pesa ya nyumba ni kando. Hakuna kiwango cha chini zaidi eti kwa sababu fulani hupewa tipu.

7/ Marekani ni tofauti, na watu hupenda kuitolea mfano. Kule sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa anayepokea tipu dola 2.13 kwa saa, kiwango kisichoguswa tangu 1991, wakati wengine ni 7.25. Tipu ndiyo ijazie. Isipojazia, mwajiri anatakiwa aongeze. Uingereza nayo ilikataza tangu 2009 kuhesabu tipu ndani ya kima cha chini.

8/ Kwa hivyo kwetu sheria ipo. Shida iko kwenye utekelezaji. Hoteli ndogo nyingi hulipa kwa siku, bila mkataba, na bosi anasema, "Zingine utatoa kwa wateja." Hapo bakshishi imeshageuka mshahara kimyakimya. Na wateja je? Agosti 1997 ghasia za Likoni ziliwakimbiza watalii. 2014 zikaja tahadhari za safari. 2020 ikaja korona. Ni yale yale ya meli isiyokuja.

9/ Tuwe wa haki, upande wa pili una hoja. Weita hodari kwenye mkahawa wa watalii karibu na Fort Jesus anaweza kupata zaidi kwa tipu kuliko kwa mshahara, na pesa iko mkononi leo, nauli ya matatu imepatikana. Na mwenye kibanda cha viazi karai akipandisha bei ili alipe zaidi, wateja wake ni majirani, si watalii.

10/ Lakini mpishi aliye jikoni hapewi kitu, na siku hizi mteja analipa kwa simu, "keep change" inaingia kwa till ya bosi. Kuna njia ya kati: Sheria ya VAT ya 2013 inasamehe ushuru kwenye service charge isiyozidi asilimia 10, ikiwa inagawiwa wafanyakazi moja kwa moja kwa makubaliano ya maandishi. Risiti yako ikiwa nayo, uliza inamfikia nani.

11/ Kwa hivyo anayekuja kuomba kura na kusema "tutawatetea wahudumu", muulize mawili. Nani atakagua kama kima cha chini kinalipwa huku mitaani? Na msimu ukiwa mbaya, nani anabeba hasara? Bakshishi ni nzuri ikija juu ya mshahara. Ikija badala yake, tumerudi kungoja meli.

Wewe unayefanya hoteli, kwenu tipu inagawiwa vipi? Tuambie hapa chini.