Maneno ya Kiingereza Yalivyofika Mutoshi

Jioni vijana wetu wa Mutoshi hukaa chini ya taa wakikariri Kiingereza. Kila mmoja ana daftari lake: upande mmoja maneno magumu, upande wa pili maana zake. Juhudi hiyo twaisifu sana. Lakini yafaa tuwaulize: je, neno usiloweza kulitia katika sentensi, umelijua kweli? Historia ya mahali hapa itatusaidia kujibu.

Kiingereza si mgeni kwetu. Mgodi wa Mutoshi zamani uliitwa Ruwe. Mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa kampuni ya Tanganyika Concessions, wakiongozwa na Mwingereza George Grey, walitafuta madini katika nchi hii, na pale Ruwe ikachimbwa dhahabu. Mwaka 1910 reli itokayo Rhodesia ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na Kiingereza kikasikika migodini. Baadaye Wabelgiji waliogopa nguvu ya Waingereza, wakakaza Kifaransa na Kiswahili. Hata hivyo maneno mengine yalibaki: mpaka leo twasema bulangeti.

Wazee wetu walijifunzaje neno hilo? Si kwa orodha. Mtu alipewa kitu mkononi, akasikia jina lake, na usiku akajifunika. Neno na matumizi yake vilikwenda pamoja.

Sasa tutazame neno gumu la siku hizi, «royalty». Kijana mmoja tuliyemfundisha alikuwa ameandika: «ukoo wa kifalme». Hakukosea. Lakini alipolikuta katika habari za migodi, alishangaa akauliza: «Mwalimu, Kongo ina mfalme gani?»

Tukamweleza hivi. Mwaka 1568, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba migodi ya dhahabu na fedha ni haki ya mtawala. Aliyetaka kuichimba sharti apate ruhusa yake na kumtolea fungu. Baadaye neno la kifalme likapata maana nyingine: malipo ambayo mchimbaji humtolea mwenye madini. Kwa Kifaransa huitwa «redevance».

Na jambo hilo latuhusu sisi. Sheria ya migodi ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2018, yagawa malipo hayo hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini au sekta yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Basi mwenye kukariri «ukoo wa kifalme» tu atalipita neno hilo, asijue kwamba ndani yake mna fungu la watu wa kwao.

Kwa hiyo, vijana wetu, jifunzeni maneno matano, msikimbilie hamsini. Kila neno litungieni sentensi tatu: moja ya nyumbani, moja ya kazini, na moja ya kuuliza. Kisha someaneni, mmoja amsahihishe mwenziwe.

Kijana yule alifanya hivyo. Juma lililofuata alituletea daftari lake. Sentensi yake ya tatu, kwa Kiingereza safi, iliuliza: «Kampuni imelipa royalty, je, fungu letu limefanya kazi gani?»

Hapo tukajua kwamba neno lile amelipata.