Hoja Moja Iliyosemwa Mara Mbili

Wasomaji wetu wengi wa Ugogo hupita mjini Dodoma wakiziona nyumba za Serikali, wala hawakumbuki ya kuwa zamani nyumba hizo zilikuwa maneno tu vinywani mwa watu. Nasi tufundishao lugha twapenda kuitazama habari hiyo, kwa kuwa mwanafunzi atakaye kujua jinsi neno livutavyo watu hana haja ya kwenda mbali kwa Wayunani.

Mwaka 1966 hoja ililetwa Bungeni kwamba makao makuu yatoke Dar es Salaam yaje Dodoma. Ikakataliwa, kwa sababu ya gharama. Jibu hilo lilikuwa na nguvu, maana Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miaka 5 tu iliyotangulia, na Dodoma ulikuwa mji mdogo wa reli, wenye vumbi jingi na maji ya shida.

Mwaka 1972 wana-TANU wa Mwanza wakaifufua hoja ile ile. Dodoma haikuwa imesogea, wala mvua haikuwa imeongezeka. Kilichobadilika ni masikio ya watu. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limekwisha kuwafundisha kwamba mkulima ndiye mwenye nchi. Basi wateteaji waliweza kuanza na jambo ambalo msikilizaji amekwisha kulikubali: ikiwa mkulima ndiye mwenye nchi, mbona Serikali yake ikae ukingoni, katika mji uliokuzwa na watawala wa kigeni, isikae katikati? Tena swali halikuachwa kwa wabunge peke yao, bali lilipelekwa katika matawi ya chama. Mwaka 1973 matawi 1,859 yalitoa shauri: 1,017 yalikubali, 842 yalikataa.

Twaomba mwalimu asizipite tarakimu hizo mbio. Matawi 842 si haba, na watu wake hawakuwa wajinga. Kwa maoni yetu hoja ya fedha haikujibiwa siku ile, ilizidiwa tu. Nayo ilirudi. Kazi ilikusudiwa kwisha kwa miaka 10, lakini mwaka ule ule bei ya mafuta ilipanda duniani, kisha vikaja vita na Idi Amin, 1978 hata 1979. Wizara nyingi zilibaki pwani mpaka Rais Magufuli alipoamuru mwaka 2016 zihame. Sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ilipitishwa mwaka 2018, na Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023, karibu miaka 50 baada ya shauri la matawi.

Darasani sisi huwagawa wanafunzi mafungu mawili, hawa waseme kwa ajili ya matawi 1,017, na hawa kwa ajili ya 842. Fungu la pili huanza na fedha karibu kila mara. Nasi huwauliza: hao mnaosema nao, wamekwisha kukubali nini?