Ziwa Victoria: Mvua na Mkono wa Mtu

Leo tutasoma habari za maji ya Ziwa Victoria.

Kwanza tujiulize, ziwa hili hupata wapi maji? Iko mito mingi iingiayo, kama Kagera, Mara na Nzoia. Lakini kama mafungu manane katika kumi ya maji yake ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Sehemu kubwa ya maji hayo huchukuliwa na jua, ikarudi hewani kama mvuke. Yanayobaki hutoka kwa mlango mmoja tu, huko Jinja katika Uganda, ndipo uanzapo mto Nile.

Kimo cha maji kimeandikwa tangu mwaka 1896. Maandiko hayo ni shahidi wetu.

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua zilinyesha kupita kiasi. Kufika mwaka 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mashamba na nyumba za kandokando zikaingia majini. Wengine waliulaumu ukuta wa Owen Falls, uliofunguliwa Jinja mwaka 1954. Lakini mapatano ya ukuta ule yalikuwa kutoa maji sawasawa na yale ambayo mto wenyewe ungaliyatoa. Mwenye kosa ilikuwa mvua.

Sasa tazameni mwaka 2006. Ziwa lilishuka kuliko wakati wowote tangu mwaka 1923. Ni kweli, mvua zilikuwa chache. Lakini mtambo wa pili wa umeme ulikuwa umejengwa Jinja, na maji yaliyotolewa yalizidi kipimo cha mapatano. Wataalamu waliopiga hesabu waliona kuwa karibu nusu ya upungufu ililetwa na ukame, na nusu na mkono wa mtu. Vyombo vikapata shida kufika gatini. Uganda yenyewe ikapungukiwa na umeme. Achotaye kwa pupa huukuta mtungi mtupu.

Mwezi wa Mei 2020 maji yalipanda tena, yakapita hata alama ya mwaka 1964. Watu wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania walihama makwao. Ilikuwa mvua tena. Lakini wataalamu wamechunguza, wakaona kuwa joto la dunia, liletwalo na moshi wa makaa na mafuta, lilizidisha uwezekano wa jambo hilo. Kumbe siku hizi hata katika mvua mna mkono wa mtu.

Basi, maji yakipanda au yakishuka kwenu, msikimbilie kumlaumu jirani, wala msiseme tu, "Ni kudra." Pimeni, andikeni, kisha mwulize sababu.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Maji mengi ya ziwa hutoka wapi?
2. Mwaka 1964 na mwaka 2006 sababu zilitofautianaje?
3. Katika kijiji chenu, nani huandika kimo cha maji ya kisima au mto?