Mnyongeni, na Haki Yake Mpeni

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa miaka mingi Tanzania iliufuata msemo huo neno kwa neno: haki ya wakili ikampata maskini aliyekabiliwa na kitanzi, ikampita mwenzake.

Chukua Isaka, wilayani Kahama, mahali ambapo reli ya Mwanza hukutana na barabara ya Rwanda. Mkazi wake aliyeshitakiwa kwa mauaji alihukumiwa na Mahakama Kuu, naye akiwa fukara alipewa wakili wa kulipwa na Serikali, kwa Sheria ya mwaka 1969. Jirani yake aliyeshitakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 30, alipelekwa mahakama ya wilaya. Sheria haikumnyima wakili. Mazoea ndiyo yaliyomwacha kizimbani peke yake, awahoji mashahidi kwa ulimi usiojua kanuni.

Tarehe 20 Novemba 2015, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha, iliamua kuwa Tanzania ilivunja haki ya mtu aliyefungwa miaka 30 kwa kosa kama hilo bila kupewa wakili. Sheria Na. 1 ya mwaka 2017 ikaifuta ile ya 1969, na hakimu naye akapewa uwezo wa kuagiza msaada huo.

Lakini uwezo huo hauna faida hakimu asipouliza na mshitakiwa asipojua kuomba. Na kimya cha mnyonge mahakamani huhesabiwa kuwa hana la kusema.