Mali Chini ya Kufuli la Mwingine

Siku hizi mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Nairobi aweza kuuza viatu, vitambaa na vyombo vya nyumbani kwa njia ya intaneti pasipo kuwa na duka wala stoo yake mwenyewe. Mzigo wake hulala katika ghala la mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye auhesabuye, aufungaye na aupelekaye kwa mnunuzi mara oda iingiapo. Watu huihesabu kazi hii kuwa ni ya zama mpya, na ni kweli kwamba kampuni ya Amazon, ilipowafungulia wauzaji wengine maghala yake mwaka 2006, iliipa ukubwa usiopata kuonekana. Hata hivyo, aliyesoma habari za Unguja, Bagamoyo, Tabora na Ujiji katika karne ya 19 ataitambua papo hapo, maana biashara yote ya nchi hizi ilisimama juu ya watu waliotunza, kufunga na kupeleka mali isiyokuwa yao.

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba na Marekani, ukawapa raia wa nchi hiyo ruhusa ya kufanya tijara katika milki yake kwa ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa washushazo. Na mwaka 1837 akawasili Unguja Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akiwa balozi mdogo wa kwanza wa taifa lake na wakati huo huo wakala wa matajiri wa mji wake. Matajiri hao, waliokuwa mbali kwa safari ya miezi baharini, waliagiza pembe, sandarusi na ngozi, wakaleta nguo za merikani. Lakini zile pembe hazikungoja pwani, wala nguo hazikununuliwa zote kwa siku moja, hata marikebu ing'oe nanga. Ilikuwa lazima awepo mtu wa kukusanya kidogo kidogo na kuhifadhi mpaka marikebu ifikapo. Waters akamwona aliyeifaa kazi hiyo, naye ni Jairam Shivji, Mbhatia wa Kachi, aliyeikodi forodha kwa Sayyid, akakusanya ushuru wake, na akajua kila chombo kimeleta nini na kimechukua nini. Wakashirikiana, na ushirika wao ukawa na nguvu kiasi kwamba Wamarekani wengine waliokuja bila ya makubaliano nao walilalamika kuwa mlango wa soko umefungwa mbele yao. Hapo tayari paonekana jambo litakalorudi tena na tena: ashikaye funguo za bohari hushika pia habari za biashara, na mwenye habari huweza kumzidi mwenye mali.

Lakini ustadi wenyewe ulikuwa bara. Katika Bagamoyo na bandari nyingine za Mrima, yaani pwani iliyoelekeana na Unguja, shehena iliyotoka Unguja haikuweza kwenda kama ilivyo; ilifunguliwa, ikapimwa na kufungwa upya kwa kadiri ya bega la mpagazi, ambaye mzigo wake ulikuwa ratili 70 hivi, yaani frasila mbili. Gora za merikani na kaniki zilikunjwa na kubanwa kwa kamba mpaka zikawa furushi refu la kulala begani. Shanga zikatiwa katika mifuko. Na hizo shanga, ambazo msafiri Mwingereza Richard Burton alizitaja kuwa za aina zipatazo 400, zilihitaji mtu ajuaye hasa ni rangi gani ipendwayo katika nchi gani mwaka huo, kwa sababu aliyebeba shanga zisizopendwa alibeba changarawe, na msafara wake ungeweza kulala njaa katikati ya mashamba yaliyojaa nafaka. Maarifa haya yaliuzwa. Katika walioyauza kwa mapana zaidi alikuwa Sewa Haji Paroo, Mwismailia wa Bagamoyo, aliyepokea kazi ya kuitengeneza misafara ya watu wengine tangu bidhaa hata wapagazi, hata mgeni aliyeshuka pwani bila kujua njia wala lugha aliweza kuondoka na msafara uliokamilika. Alifariki mwaka 1897, akiwa ametoa mali yake kwa ajili ya shule na hospitali, na jina lake lingali likisomwa katika jengo la Sewahaji huko Muhimbili.

Tabora, ambayo wakati huo aghalabu iliitwa Kazeh, ndiyo iliyokuwa bohari ya katikati. Burton na mwenzake wa safari, Speke, walipofika huko Novemba 1857 walipokewa na Snay bin Amir wa kabila la Harthi, mtu aliyeanza maisha kwa kutengeneza halua Maskati na ambaye kwa muda wa miaka 16 alikuwa amepanda hata kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa. Aliwawekea mali yao, akawauzia iliyozidi, na akawasimamia katika matengenezo ya safari ya kurudi pwani. Na Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alimsifu kwa maneno mengi.

Yaliyotokea Ujiji yalikuwa kinyume. Mmisionari na msafiri David Livingstone alirudi huko kutoka Manyema mwezi Oktoba 1871, dhaifu na maskini, akitumaini kuikuta shehena aliyotumiwa na John Kirk kutoka ubalozi wa Uingereza wa Unguja, kwa mkono wa watu wa Ludha Damji, msimamizi wa forodha. Kulikuwa na yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za shanga. Mtu aliyekabidhiwa, aitwaye Sherifu, alikuwa ameziuza kwa pembe na watumwa wa kwake mwenyewe, akadai ya kwamba alitazamia katika Msahafu akaona kuwa mwenye mali amekwisha kufa. Kisha akaja kumpa mkono Livingstone, na aliponyimwa mkono, yeye ndiye aliyekasirika.

Wengi wameisimulia habari hii kama habari ya mwizi mmoja, nami nadhani hivyo ni kuipunguza. Fikihi inasema kwamba aliyewekewa amana hatozwi kilichopotea pasi na uzembe wala ukiukaji wake, na hukumu hiyo ni ya uadilifu. Ila yahitaji awepo wa kushuhudia kilichopokewa na wa kuuliza kilichosalia. Kati ya Unguja na Ujiji mtu huyo hakuwepo. Kirk alitegemea forodha, forodha ikamtegemea kiongozi wa msafara, na kiongozi wa msafara, baada ya kuvuka nchi za Unyamwezi, hakuwa na daftari la kumhukumu. Snay na Sherifu walifanya kazi ile ile. Mmoja alikuwa akitazamana na wenye mali yake jioni kwa jioni, na mwingine hakutazamana na yeyote.

Wala haifai kusifia maghala yale tukasahau ni mabega ya nani yaliyoyajaza. Wengi wa wachukuzi wa bandarini Unguja walikuwa watumwa waliokodishwa kwa siku na mabwana zao, ambao walitwaa sehemu ya ujira. Na mara nyingi pembe na watu waliofungwa minyororo viliteremka pwani kwa njia moja. Biashara iliyohesabu shanga kwa uangalifu mkubwa namna ile haikuwahesabu watu hao ila kama bidhaa, na dhuluma hiyo imo ndani ya kila faida iliyopatikana.

Katika Tanzania dawa ya ugonjwa wa Ujiji imekwisha andikwa. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 yamtaka mwenye ghala awe na leseni, atoe stakabadhi ya kila alichopokea, na awajibike kwa kilichoandikwa. Nao wakulima wa korosho wa Mtwara wameuzoea utaratibu huo tangu msimu wa 2007/2008, pamoja na manung'uniko ya malipo yanayochelewa. Lakini kijana wa Kariakoo auzaye kwa simu, aliyeacha jozi zake za viatu kwa mwenye stoo na kumtegemea bodaboda kuzifikisha Mbagala au Tegeta, aghalabu hana ila ujumbe mfupi na imani. Namwomba, na wenzake wa Mombasa na Nairobi, asikubali mzigo wake uingie mlango wa mtu kabla haujahesabiwa mbele yake, akapewa karatasi yenye idadi, hali ya mali, na jina la atakayelipa ikipotea. Na kila mwisho wa mwezi aende akahesabu upya kwa mkono wake.