Nahau za Kiingereza katika Nchi ya Iramba

Ulemo ni kata ya Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, katika nchi ya juu iliyo mashariki ya mbuga ya Wembere. Lugha ya wenyeji ni Kinilamba. Kiswahili kilifika huko pamoja na misafara ya biashara, kisha kikatiwa nguvu na utawala wa Wajerumani na machimbo ya dhahabu ya Sekenke. Kiingereza kilikuja nyuma ya hizo zote, baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na mlango wake ulikuwa mmoja tu, yaani darasa.

Hata waliokileta hawakuwa wote Waingereza. Kazi ya misheni ya Leipzig katika Iramba ilishikwa baadaye na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, kanisa la wahamiaji wa Kiswidi na watoto wao. Yumkini baadhi ya wamisionari hao walikuwa na wazee waliojifunza Kiingereza ukubwani, sawasawa na wanafunzi wao wa Kinilamba.

Katika miaka ya 1950 mtoto wa Tanganyika alisoma kwanza kwa Kiswahili. Akibahatika kupata nafasi katika shule ya kati, alikutana na Kiingereza kwa uzito wake tangu darasa la 5. Mtihani wa darasa la 8 ulikuwa chekeche kali, na waliopita kwenda sekondari walikuwa wachache mno. Kutojua msemo mmoja kuliweza kumpunguzia mtoto alama, na alama hiyo ikawa ndiyo tofauti ya mwandishi wa ofisini na mchunga ng'ombe. Basi nahau zilikaririwa kwa orodha, msemo upande huu na maana upande ule, kama hesabu za kuzidisha. Kamusi ya A. S. Hornby na wenzake, iliyoenea sana katika shule zilizofundisha Kiingereza, ilitungwa Japani na kupigwa chapa Tokyo mwaka 1942, na jina lake la kwanza lilitaja nahau waziwazi. Oxford waliitoa tena mwaka 1948. Mtoto wa Iramba na mtoto wa Japani walipewa dawa moja.

Lakini nahau hazikuwa na ugumu mmoja. Mwingereza humshauri mwenziwe aweke akiba kwa siku ya mvua, maana kwao mvua ni huzuni. Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na mkulima wa mtama huitazamia kwa hofu isije ikakosa. Kwake siku ya mvua ndiyo siku ya neema; akiba huwekwa kwa ajili ya jua. Au litazamwe neno la chumvi. Mwingereza husema kwamba habari fulani yafaa ipokewe na punje ya chumvi, akimaanisha kwamba isisadikiwe yote. Katika Kiswahili, aliyekula chumvi nyingi ni mzee, na atiaye chumvi ni yule anayeongeza maneno. Mwanafunzi aliyejibu kwamba msikilizaji wa habari hiyo ameiongezea uongo alikuwa amefikiri vema kabisa, naye alikosa. Kosa hilo halikutokana na uvivu wala upungufu wa akili, na ni jambo la kusikitisha kwamba wasahihishaji hawakuwa na alama ya kumpa aliyefikiri.

Kinyume chake, nahau zilizotoka katika Biblia hazikumsumbua mtoto aliyesomeshwa na misheni. Mbwa mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo, chumvi ya dunia, kunawa mikono kama Pilato: hayo alikwisha kuyasikia kanisani kwa Kiswahili, tena pamoja na kisa chake. Kiingereza na Kiswahili vilikuwa vimeteka maji katika kisima kimoja, na msemo ulipotokea ubaoni ulikuwa mtu anayefahamika aliyebadili nguo tu.

Jambo ambalo wataalamu wa elimu walilipitia juujuu ni hili, kwamba Mnilamba alikwisha kuzishinda nahau za kigeni mara moja kabla ya Kiingereza. Kiswahili ni mtoto wa pwani. Mambo yakiharibika husemwa yamekwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo baharini. Bahari iko mamia ya maili kutoka Ulemo; wangapi huko walipata kuona jahazi? Hata hivyo msemo huo ulikubalika barazani, sokoni na mikutanoni bila orodha wala mtihani, kwa kuwa mtu aliusikia ukitumika juu ya jambo lililokuwa mbele ya macho yake, kama shauri lililovunjika au biashara iliyofilisika. Kiingereza hakikuwa na baraza huko. Mwalimu alipofuta ubao, kilikuwa kimekwisha mpaka kesho.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyepanda ngazi hiyo hiyo kutoka Kizanaki hadi Kiswahili cha shule ya Musoma na Kiingereza cha Tabora, alitoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Waingereza humsema mdai asiye na huruma kwamba anataka ratili yake ya nyama. Aliyekariri maneno hayo katika orodha aliyasahau upesi. Aliyesoma kisa cha Shylock kwa Kiswahili hakuhitaji tena kufundishwa maana yake.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule yote ya msingi, na Kiingereza kikabaki somo. Katika sekondari za serikali mafundisho yangali kwa Kiingereza, na nahau zingali zikikaririwa. Wakati huohuo redio na wanasiasa wameeneza msemo "mwisho wa siku" kwa maana ya hatimaye, nao ni Kiingereza kitupu kilichovishwa kanzu. Wapenda lugha huukemea. Wengi wautumiao hawajui kwamba umetoka ng'ambo, wala hawakuufundishwa na mtu.